Meza ya kahawa isiyotoboa mfuko: Kagera tuna mbao, tuna mafundi

Nyumbani kwa Mhaya, mgeni huletewa kitu cha kutia mdomoni kabla mazungumzo hayajakolea. Zamani, ndani ya mushonge, nyumba yetu ya jadi, iliyotandikwa nyasi sakafuni, kilikuwa ni kikapu kidogo cha akamwani: buni za robusta zilizochumwa kabla hazijaiva sawasawa, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha zikakaushwa kwa ajili ya kutafunwa. Desturi hiyo haijafa, ila sebule za Bukoba na Muleba zimebadilika. Sasa kuna makochi, kuna vikombe, kuna chupa ya chai, kopo la kahawa ya TANICA na simu za wageni wote. Vitu hivyo vinataka mahali pa kuwekwa, na familia nyingi changa huona aibu kumkaribisha mgeni kwa sababu hazina meza ya maana.

Aibu hiyo haina sababu. Meza ya kahawa yenye mvuto inapatikana kwa fedha ya kawaida kabisa, mradi fedha hiyo iende kwenye kipimo sahihi, mbao kavu na viungo imara. Wengi wetu tunalipia mng'ao, kisha tunaitupa meza baada ya misimu miwili ya mvua.

Kipimo kwanza, bei baadaye

Kosa linaloharibu sebule nyingi ni ukubwa. Meza kubwa kwenye chumba kidogo hugonga watu magoti, na ndogo mbele ya kochi refu huonekana imepotea. Kanuni wanayoifuata wapambaji wa nyumba ni nyepesi: urefu wa meza uwe kama theluthi mbili za urefu wa kochi. Kochi la futi 6 linaoana na meza ya futi 4. Kimo kilingane na kikalio cha kochi au kishuke kidogo, yaani inchi 16 hadi 18 kwa makochi mengi. Kati ya kochi na meza acha inchi 14 hadi 18, ili mtu apite na bado aweze kufikia kikombe chake bila kuinuka.

Kabla ya kwenda popote, tandika magazeti sakafuni kwa ukubwa wa meza unayoiwazia, kisha pita, kaa, simama. Kama nyumba ina watoto wadogo, fikiria meza ya duara au yenye kona zilizokatwa.

Mvua yetu na meza za dukani

Bukoba hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi zaidi nchini. Jambo hilo linamhusu sana mnunuzi wa samani. Meza nyingi za bei ya chini zinazoletwa kutoka mbali zimetengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, juu yake ikabandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Maji yakipenya ukingoni, unga ule huvimba na haurudi tena kama ulivyokuwa. Isitoshe, mzigo kutoka Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,300 kwa lori, au hupitia Mwanza na kuvuka ziwa hadi Kemondo au Bukoba. Nauli hiyo yote anailipa mnunuzi.

Ukipenda meza ya namna hiyo, ipindue dukani. Angalia kama kingo zote zimefunikwa, na miguu imefungwa kwa skrubu zilizoshika barabara. Ya kioo iangalie unene na kingo zake, kwa maana kioo chembamba mbele ya watoto ni hatari.

Miti ya kwetu

Mashamba yetu ya migomba na kahawa yana miti ya kivuli na matunda, na mingi inatoa mbao nzuri. Mfenesi una mbao ya manjano inayokoza rangi kadiri miaka inavyokwenda hadi kuwa kahawia ya kupendeza, tena mchwa hawaipendi. Mgrevilea, ukipasuliwa vizuri, huonyesha mabaka na mistari ambayo hakuna karatasi ya kiwandani inayoifikia. Muhumula hukua haraka na mbao yake ni rahisi kufanyia kazi. Wataalamu wa mimea waliupa jina Maesopsis eminii kwa kumkumbuka Emin Pasha, aliyeanzisha kituo cha Wajerumani hapa Bukoba mwaka 1890. Haufai kugusana na udongo wenye unyevu, lakini sebuleni unatumika vizuri.

Msindano ndio rahisi kupatikana kwa wauza mbao. Uchague usio na vifundo vingi, na upakwe dawa ya wadudu kabla ya vanishi. Mkaratusi ni mgumu, ila hupenda kupinda na kupasuka unapokauka, kwa hiyo uepuke kwa uso wa meza. Mvule ni mzuri mno lakini ni ghali na huchukua miaka mingi kukua. Mwenye bajeti ndogo hana haja nao.

Na mbuni wenyewe? Wakulima wanaong'oa mibuni mikongwe ili kupanda aina mpya zilizozalishwa na kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI Maruku, kama vile Bukoba 1 na Muleba 1, hubaki na visiki vigumu vyenye umbo la kuvutia. Visiki viwili vitatu vikikaushwa, vikamenywa magome na kusuguliwa kwa msasa, hubeba uso wa ubao au kioo kizuri ajabu. Lakini hapa nasisitiza: mbuni uliokufa kwa mnyauko fuzari, ugonjwa uliogundulika Kagera mwaka 1997, usiutengenezee meza. Ung'olewe na kuchomwa palepale shambani, kwa sababu kusafirisha mti wake ni kusafirisha ugonjwa kwenda kwa jirani. Hakuna pambo linalostahili kuangamiza shamba la mtu.

Mezani na fundi

Mteja anayejua hesabu ya mbao hapunjwi. Chukua meza ya futi 4 kwa futi 2. Ubao mmoja wa inchi moja kwa nane wenye futi 12, ukikatwa vipande vitatu vya futi 4 na kuunganishwa ubavu kwa ubavu, unatoa uso mzima, ukipungua kidogo tu kwa ajili ya randa. Ubao wa moja kwa nne wa futi 12 unatosha fremu, na kipande cha mbili kwa tatu cha futi 6 kinatoa miguu minne. Uliza bei ya mbao hizo kwanza, ongeza gundi, msasa na vanishi, kisha jadiliana na fundi kuhusu ufundi wake peke yake. Usimkandamize. Fundi aliyelipwa haki yake hana sababu ya kuharakisha kazi.

Mwulize mbao zimekaa muda gani tangu zipasuliwe. Kanuni ya zamani ya maseremala ni kuanika mbao kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti, karibu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mbao mbichi ni nzito na baridi mkononi, na meza yake itafunguka viungo ikiwa tayari imo ndani kwako. Ukiweza, agiza kazi kati ya Juni na Agosti, mvua inapopungua. Mguu ushikane na fremu kwa ulimi ulioingia kwenye tundu na gundi. Msumari peke yake hulegea. Meza ikiisha, iweke kwenye sakafu iliyonyooka na uikandamize kila kona kabla ya kumalizia malipo.

Kuna njia nyingine isiyopaswa kudharauliwa. Watumishi wanaohamishwa kutoka Bukoba au Muleba mjini mara nyingi huuza samani badala ya kuzibeba. Meza ya mbao halisi yenye mikwaruzo, ukiisugua msasa na kuipaka vanishi upya, hurudi ujana wake.

Mapambo yasizidi. Mkeka mdogo au kitambaa kimoja cha kufuma, kikapu cha akamwani, nafasi ya kuweka vikombe, basi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndugu msomaji, kabla hujaagiza meza kutoka mbali, pita kwanza kwa seremala wa mtaani kwako, iwe Kashai, Rwamishenye au Kamachumu, ukiwa na vipimo vyako mkononi. Utapata meza inayolingana na sebule yako, na fedha yako itabaki Kagera.