Kuikinga Gari na Kutu: Upakaji wa Nta Chini ya Gari Nyumbani

Wenye gari wa Unguja na Pemba wanakumbushwa kwamba kipindi cha kiangazi, baina ya Januari na Februari, kabla ya kuanza mvua za masika mwezi wa Machi, ndicho kinachofaa zaidi kwa kazi ya kupaka nta ya kuzuia kutu sehemu za chini za gari. Kazi hii inaweza kufanywa nyumbani na mtu mwenye uangalifu, kwa muda wa siku mbili au tatu. Hata hivyo, ikifanywa kwa pupa huweza kuleta madhara makubwa kuliko kutu yenyewe, na kwa sababu hiyo maelezo yafuatayo yanatolewa kwa watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla.

Kutu hutokea pale chuma kinapokutana na maji pamoja na oksijeni iliyomo hewani. Chumvi huyafanya maji hayo yapitishe umeme kwa wepesi zaidi, na hivyo huharakisha kuliwa kwa chuma. Aidha, chumvi ya kawaida huvuta unyevu na kuyeyuka pale unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 75, kiwango ambacho visiwani hufikiwa mara nyingi, hasa nyakati za usiku. Ndiyo maana gari iliyoegeshwa karibu na pwani huendelea kuliwa hata siku ambazo hakukunyesha mvua. Zinazoathirika zaidi ni gari zinazoteremshwa ufukweni, na zile zinazochukua magunia ya mwani mbichi kutoka Paje na Jambiani au masanduku ya samaki, ambazo maji ya chumvi huchuruzika kutoka kwenye bodi hadi ndani ya chasisi. Hali kadhalika, gari nyingi zinazoingia visiwani zimekwisha tumika nchini Japani. Zilizotoka kaskazini ya nchi hiyo, kama vile Hokkaido, huenda zilipita katika barabara zinazomwagwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na mnunuzi atafanya vyema kuinama na kutazama chini kabla ya kutoa fedha zake.

Nta inayokusudiwa hapa si ile ya kung'arishia rangi. Ni nta laini iliyochanganywa na mafuta na kiyeyushi, ambayo kiyeyushi chake kikishatoka huacha utando usiokauka kabisa. Kwa kuwa hubaki laini, hupenya katika maungio ya mabati, na ikikwaruzwa kidogo huweza kujifunika tena. Lami, ambayo wengi wameizoea, hukauka na kupasuka baada ya muda. Maji huingia katika ufa na kukaa baina ya lami na chuma, na kutu huendelea mahali ambapo haionekani. Ama oili chafu ya injini, hiyo haifai hata kidogo. Huharibu mipira, ina sumu inayoweza kusababisha saratani inapogusana na ngozi mara kwa mara, na ikidondoka hupenya ardhini, na visiwa hivi hutegemea zaidi maji yaliyo chini ya ardhi kwa matumizi ya kunywa. Fikra yenyewe ya kukinga kwa mafuta si ngeni: mabaharia wa majahazi walipaka shahamu na chokaa chini ya vyombo vyao kwa muda mrefu.

Hatua ya kwanza ni kuosha. Sehemu za chini na ndani ya madigadi zioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni ya kukata grisi, mpaka udongo wote utoke. Maji ya kisima cha karibu na bahari yasitumike ikiwa ladha yake ni ya chumvi. Tundu ndogo za kutolea maji zilizo chini ya milango zizibuliwe kwa waya, kisha gari iachwe ikauke kwa muda usiopungua siku moja na usiku wake. Nta ikipakwa juu ya maji huyafungia humo humo.

Inasisitizwa kwa mkazo kwamba mtu asiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Gari ikishanyanyuliwa iegemezwe juu ya stendi za chuma, mahali pagumu na tambarare, na magurudumu yaliyobaki chini yawekewe vizuizi. Matofali ya saruji na mawe ya matumbawe hayafai, kwani hupasuka ghafla bila ya dalili. Mchanga nao hudidimia. Asiye na stendi aipeleke gari gereji yenye shimo.

Kutu iliyolegea iondolewe kwa brashi ya waya na msasa, hali mfanyaji kazi amevaa miwani na kitambaa cha pua. Baada ya hapo chuma kigongwe na kudukuliwa kwa bisibisi, hasa kwenye chasisi, mahali pa kuwekea jeki, mahali zinapofungwa springi na panapofungwa mikanda ya usalama. Bisibisi ikizama, kazi isimame. Mahali hapo panahitaji kukatwa na kuchomelewa bati jipya na fundi, na nta haiwezi kuchukua nafasi yake. Kupaka nta juu ya chasisi iliyooza ni kuificha hatari kwa mwenye gari mwenyewe, kwa abiria wake na kwa mnunuzi atakayekuja. Uchomeleaji wote utangulie, kwa sababu nta iliyomo ndani ya chasisi hushika moto.

Kabla ya kupaka, breki zote pamoja na diski na ngoma zake, bomba la moshi na sensa zake, mipira, na shafti ya propela zifunikwe kwa mifuko ya plastiki na gundi ya karatasi. Nta ikiingia katika breki, gari haitosimama. Shafti ikipakwa upande mmoja zaidi ya mwingine, hutetemeka katika mwendo.

Kopo la nta likiwa zito liwekwe juani au ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya jiko. Mvuke wa kiyeyushi huwaka, kwa hivyo kazi ifanywe mahali pa wazi, mbali na sigara na moto wa aina yoyote. Kwa ndani ya chasisi na chini ya milango hutumiwa nta nyepesi kwa mrija mrefu, ukiingizwa hadi mwisho na kuvutwa polepole huku ukipuliza. Kwa nje hutumiwa nta nzito zaidi, kwa brashi au kwa kompresa. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene, ambayo huteleza na kudondoka. Tundu za kutolea maji zizibuliwe tena.

Gari isubiri siku moja. Vifuniko vyote vitolewe na kuhesabiwa, kisha breki zijaribiwe kwa mwendo mdogo kabla ya kuingia barabarani. Harufu na moshi kidogo kutoka kwenye bomba la moshi katika safari za mwanzo si jambo la kutisha, iwapo havizidi.

Madereva wa gari za Serikali wasiifanye kazi hii kwa hiari yao, bali wapate kwanza idhini ya mkuu wa ofisi, na ikishakamilika iandikwe katika daftari la gari pamoja na tarehe yake. Ukaguzi urejewe kila mwaka kabla ya masika, na sehemu zilizokwanguka, hasa nyuma ya magurudumu, zipakwe upya. Makopo matupu na vitambaa vilivyotumika visichomwe wala kutupwa kisimani au baharini.