Pacha wa kompyuta: hesabu ya umeme wa Rusumo

KWA mwenye mashine ya kusaga huko Ntobeye, wilayani Ngara, umeme ukikatika siku ya soko hasara haingoji mwisho wa mwezi. Mteja hujitwisha gunia lake akaenda kwa mwenye injini ya dizeli.

Wilaya hiyo sasa ina mitambo mikubwa jirani. Maporomoko ya Rusumo, katika mto Kagera mpakani na Rwanda, yana mashine tatu zenye uwezo wa megawati 80, ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana sawa. Benki ya Dunia iligharimia kituo hicho kwa dola milioni 340. Umeme wa upande wa Tanzania husafiri kwa njia ya kilovoti 220 hadi Nyakanazi, Biharamulo, mwendo unaokaribia kilomita 100.

Mashine moja ikisimama zinapotea karibu megawati 27, yaani takriban 9 kwa kila nchi. Je, fundi angoje iharibike, au aifungue kwa ratiba hata kama ni nzima? Kote kuna gharama.

Njia ya tatu ni pacha wa kompyuta: nakala ya mtambo inayolishwa vipimo vya mtambo halisi kila wakati, kama vile joto la beringi, mtikisiko na wingi wa maji. Mchoro wa mhandisi haujui kilichotokea jana, pacha anajua. Wazo si geni. Mwaka 1970 chombo cha Apollo 13 kilipopata ajali angani, wataalamu wa NASA walijaribu hatua za uokoaji kwenye mitambo ya mfano iliyokuwa duniani.

Rusumo hutumia maji ya mto yanavyokuja, bila bwawa kubwa la akiba. Mchanga unaokuja na maji husaga mapanga ya mashine taratibu. Kwa kituo cha aina hii, faida ya pacha ingekuwa kukadiria ulaji huo, kisha kuchagua wiki za kiangazi ambapo maji hayatoshi mashine zote. Matengenezo yakifanyika wakati huo, umeme unaopotea ni kidogo mno.

Wauza programu huzungumzia bei ya kununua tu. Vipimo vikiharibika visipobadilishwa, pacha hugeuka picha ya ukutani, na ghali kweli kweli. Wala pacha wa mashine hamsaidii msagaji wa Ntobeye nguzo ikianguka njiani.

TANESCO haimo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lakini miundombinu imeanza kufika huko: mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya shilingi bilioni 53.12. Mnunuzi wa hatifungani kama hiyo husoma kwanza riba. Ukurasa wa kufuata uwe ule wa bajeti ya matengenezo: ni kiasi gani kimetengwa kila mwaka kwa vipimo, na nani anavisoma?