Habari za Afya Mtandaoni: Zimfikie Kijana Kabla ya Uvumi

Msichana wa miaka 13 anayeishi Mazimbu, katika Manispaa ya Morogoro, akitangaziwa shuleni kwamba chanjo ya HPV itatolewa wiki ijayo, hatasubiri muuguzi afike ndipo aulize. Jioni ataazima simu ya mama au ya dada, na kabla bando halijaisha huenda akawa amekwisha kusoma kwamba chanjo hiyo huleta ugumba. Uvumi huo si wa kweli. Chanjo haiathiri uwezo wa kuzaa. Lakini umemfikia kwa sentensi moja, ilhali maelezo ya kitaalamu yamejificha ndani ya waraka mrefu.

Hasara yake ni kubwa. Saratani ya mlango wa kizazi inaongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini Tanzania. Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kwa dozi mbili. Mwaka 2024 ilianza kutolewa dozi moja tu, na mwaka huo iliwalenga wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kinga ipo, ila msichana aliyetishwa na uvumi anaweza kuikosa.

Kijana anavyosoma

Watu wazima wengi hudhani kwamba vijana ni mabingwa wa mtandao. Mwaka 2005 kampuni ya Nielsen Norman Group ya Marekani ilitangaza matokeo tofauti: vijana wa miaka 13 hadi 17 walifanikiwa kukamilisha asilimia 55 ya kazi walizopewa kwenye tovuti, na watu wazima asilimia 66. Sababu zilizotajwa ni stadi za kusoma ambazo hazijakomaa, mbinu hafifu za kutafuta taarifa, na subira ndogo. Aidha, vijana hao hawakupenda kuchukuliwa kama watoto. Ni wazi basi kwamba katuni na rangi za kung'aa pekee hazitoshi.

Hapa kwetu tunayo mifano mizuri. Jarida la Fema, lililoanzishwa mwaka 1999, limejenga imani ya vijana kwa kuchapisha visa na sauti zao wenyewe. Huduma ya m4RH, iliyoanza Tanzania na Kenya mwaka 2010, ilijibu maswali ya uzazi wa mpango kwa ujumbe mfupi wa simu, hivyo hata mwenye simu ya kawaida aliweza kuitumia.

Mambo ya kuzingatia

1. Tuanze na swali la kijana. Kichwa "Umuhimu wa Chanjo ya HPV" kinamjali mwandishi. "Je, chanjo hii itanizuia kuzaa? Hapana" kinamjali msomaji, na jibu analipata hata asipofungua habari yenyewe.

2. Tuwe na aya fupi, herufi zinazosomeka kwenye simu ndogo, na picha nyepesi. Video ndefu humaliza bando kabla ya ujumbe kufika.

3. Tulinde siri yake. Simu mara nyingi ni ya familia; tusimlazimishe kujisajili wala kuandika jina ili asome.

4. Tumwonyeshe hatua inayofuata: aende kituo kipi, siku gani, na amwone nani. Habari inayotisha bila kuonyesha njia huzidisha hofu.

5. Tumshirikishe kabla ya kuchapisha. Mazimbu ina historia ya vijana: kuanzia mwaka 1978 hadi 1992 chama cha ANC kiliendesha hapo shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini, SOMAFCO, na leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wanafunzi wachache wa sekondari za jirani wakisoma rasimu na kuieleza kwa maneno yao, tutajua mara moja palipo na utata.

Wajibu wetu

Ndugu mhudumu wa afya, andika maswali unayoulizwa na vijana kliniki, bila majina yao. Hayo ndiyo vichwa vya habari vinavyohitajika. Nawe mzazi, mwanao akikuuliza jambo aliloliona mtandaoni, usimkemee kwa kuuliza. Someni pamoja, na mkikwama, njooni naye kituoni.