Kioo Cheusi Si Mashine Iliyoungua



Mwezi wa Mei mwaka 2024, mavuno ya kahawa yakiwa yamepamba moto, kijana mmoja karani wa mzani alitufikia hapa Musinzira, mjini Gitega, akiwa na karatasi mkononi. Mwajiri wake alikuwa amemwandikia kwamba ameunguza kompyuta ya kazi, na kwamba theluthi ya mshahara wake itakatwa kila mwezi kwa miezi minane. Kilichobaki ni sahihi yake tu. Tulimwuliza, "Umeshatia sahihi?" Akajibu, "Bado, mzee. Nimeambiwa mwisho ni kesho asubuhi."

Tulishukuru kwamba alikuja kabla ya asubuhi hiyo.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kompyuta ile ilikuwa laptopu kubwa nzito, ya aina inayotengenezwa kwa ajili ya kuchezea gemu. Mashine za namna hiyo siku hizi zinaonekana hata kwenye vituo vya kuoshea kahawa, kwa kuwa zikinunuliwa zimeshatumika bei yake hushuka, na nguvu zake huwavutia wanunuzi. Ndani yake mlikuwa na hesabu ya kilo na siku za kazi za vibarua wote wa msimu. Usiku, akiwa zamu, kijana alifungua gemu la mpira wa miguu. Picha ilikuwa inakwamakwama, akaingia kwenye mipango ya picha akaongeza kila kitu mpaka juu, kisha akaiamuru mashine itumie kadi kubwa peke yake. Kioo kikawa cheusi. Akaizima, akaiwasha, cheusi vilevile.

Kucheza gemu zamuni ni kosa, nasi tulimwambia hivyo usoni. Lakini kosa la kucheza ni moja, na kuunguza mashine ni jingine, wala la kwanza halithibitishi la pili. Tena vibarua hawakuwa wamelipwa, maana hesabu yao ilikuwa imefungiwa nyuma ya kioo hicho. Akina mama wanaochagua kahawa mezani walikuwa wanaambiwa wangoje mpaka mashine mpya inunuliwe. Kwa hiyo haikuwa shauri la mtu mmoja.

Tumeona ni vyema tueleze namna mashine hizi zinavyofanya kazi, ili karani mwingine asitie sahihi deni lisilo lake.

Kioo cha laptopu ni nukta nyingi sana zinazowaka. Kioo cha kawaida cha leo kina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, yaani zaidi ya milioni mbili. Picha nzima huchorwa upya mara 60 kila sekunde, na kwenye mashine za gemu huweza kufika mara 120 au 144. Mchoraji wa picha hizo ni kadi ya picha. Laptopu nyingi za gemu zina wachoraji wawili: mmoja mdogo asiyekula umeme mwingi, kwa kazi za barua na hesabu, na mmoja mkubwa kwa gemu. Kila mmoja ana programu ya kumwendesha. Mafundi huiita draiva, na wale wa Kifaransa huiita piloti, wala si yule wa lori.

Sisi tuliofanya kazi kiwandani tunajua mambo yanavyokuwa msimamizi anapoongeza mwendo wa mkanda kupita uwezo wa walio mezani. Mzigo hupita bila kuchaguliwa, au mkanda wote husimama. Ndivyo ilivyo hapa. Ukiiamuru kadi ipeleke picha ambazo kioo hakiwezi kuzipokea, au ukimpa mchoraji kazi na programu yake ni ya zamani, picha haifiki. Kioo hubaki cheusi, na hali ndani ya mashine kazi inaendelea.

Basi jambo la kwanza la kutazama ni dogo kabisa, na ndilo lililomwokoa yule kijana. Unapoiwasha mashine, je, nembo ya kiwanda kilichoitengeneza inaonekana kabla ya weusi? Kama inaonekana, kioo ni kizima na waya wake ni mzima. Weusi unaokuja baada ya nembo, pale Windows inapoamsha programu ya kadi, mara nyingi ni ugonjwa wa mipango au wa programu, wala haujambo kuuponya. Tulipofika kituoni pamoja na fundi wa simu wa mtaani, tuliomba mashine iwashwe mbele ya mwajiri. Nembo ikatokea, ikang'aa vizuri, ikapotea. Tukaomba iwashwe tena ili kila mtu aione. Bwana yule alinyamaza.

Kabla ya kuendelea, bonyeza kitufe cha herufi kubwa kilicho upande wa kushoto. Kikiwasha na kuzima taa yake ndogo, mashine iko hai na inakusikia. Ongeza pia mwanga kwa vitufe vyenye picha ya jua, maana tumewahi kuitwa mbali kwa kioo kilichokuwa kimepunguzwa mwanga tu, tukarudi kwa miguu jioni. Kisha shika pamoja vitufe vinne: Windows, Ctrl, Shift na B. Mashine hulia kidogo na kioo hupepesa, kwa kuwa umeiamsha upya programu ya kadi bila kuzima kazi iliyofunguliwa. Ikiwa mashine inadhani picha inakwenda kwenye televisheni ambayo haipo, shika Windows na P, kisha mshale wa chini na Enter, ujaribu kila nafasi.

Kuna siri nyingine ambayo ingemsaidia kijana wetu, lau angebadilisha mipango ya kioo kupitia Windows yenyewe. Ukibadilisha idadi ya nukta pale, Windows hukuuliza kama unakubali, na usipojibu kwa sekunde 15 huirudisha hali ya zamani. Kwa hiyo kioo kikipotea hapo, ondoa mikono, hesabu pole pole hadi 20. Gemu na programu za kadi hazina wema huo sikuzote.

Kama weusi unatokea ndani ya gemu tu, na ukitoka kila kitu kinaonekana, usiguse Windows. Funga gemu kwa Alt na F4. Ukilifungua tena jaribu Alt na Enter, magemu mengi huingia katika dirisha dogo, nawe unapata nafasi ya kupunguza ulichoongeza. Likikataa, tafuta faili lake la mipango, mara nyingi limo ndani ya folda ya nyaraka zako, ulibadilishe jina. Gemu lisipoliona litaandika jipya lenye mipango ya mwanzo.

Yote hayo yalishindikana pale kituoni. Fundi akaizima mashine, akachomoa chaja na kila kilichochomekwa, akashika kitufe cha kuwashia kwa muda wa nusu dakika ili umeme uliosalia utoke. Alipoiwasha, nembo ikaja na weusi ukafuata. Hapo ndipo alipoingia mlango wa nyuma. Unaiwasha, na mara Windows inapoanza unashika kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime. Ukifanya hivyo mara mbili au tatu, Windows yenyewe hutambua kwamba haiamki sawasawa na kukuletea ukurasa wa matengenezo. Kuzima kwa nguvu si kuzuri kwa kumbukumbu za mashine, basi usifanye kwa mchezo. Katika mashine za Kifaransa kama zetu unachagua «Dépannage», kisha «Options avancées», kisha «Paramètres», unakubali iwake upya, na inapokuletea orodha yenye namba unabonyeza 4. Hiyo ni hali ya usalama: Windows huamka na programu ya picha iliyo nyepesi kabisa, bila ile ya kadi kubwa. Mashine nyingine hapo huuliza ufunguo wenye tarakimu 48. Asiye nao asibahatishe, amwulize aliyeisajili mashine.

Kioo kikawaka. Herufi zilikuwa kubwa na mbaya, lakini zilikuwepo. Karani akafungua hesabu za vibarua, zote zikiwa salama. Tulishikilia kwamba kabla ya kitu kingine chochote zinakiliwe kwenye flashi. Fundi alikuwa na haraka ya kuonyesha ufundi wake, na tulilazimika kumzuia mkono. Baada ya kunakili alifuta programu ya zamani ya kadi kubwa kwenye orodha ya vifaa, akaiwasha mashine kama kawaida, kisha akairudisha ile amri ya wachoraji wawili kusaidiana. Kazi yote haikuzidi saa moja na nusu, na sehemu ya muda huo umeme ulikuwa umekatika.

Juu ya umeme tuseme neno. Laptopu ya gemu hutaka chaja ya wati 180 au 230, wakati ya kawaida huridhika na wati 45 au 65. Mtu akiichomeka chaja ndogo ya kuazima, kisha akaongeza mipango ya picha mpaka juu, mashine yaweza kuzima ghafla. Huko si kioo cheusi, ni mashine yote imekufa: taa hazipo na feni haivumi. Fundi asiyetofautisha mambo hayo mawili atakuuzia kioo usichokihitaji.

Ndugu zetu wa Muyinga walituletea shauri lililofanana na hili, lakini lilikuwa na dawa nyingine. Kwao nembo haikuonekana kabisa, ingawa feni ilivuma. Tuliwaambia wazime taa ya chumba, wamulike kioo kwa tochi kwa upande. Wakaona picha hafifu, kama kivuli. Maana yake picha inafika ila taa iliyo nyuma ya kioo haiwaki. Walipochomeka televisheni kwa waya, picha ikatokea safi. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye bisibisi, na mara nyingi kinachoumia ni waya unaopita kwenye bawaba, kwa sababu ya kufungua na kufunga mfuniko kwa miaka. Mipango ya gemu haikati waya. Hata huko karani hakuwa na deni.

Sasa ile karatasi. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1949, unaohusu kulinda mishahara, unasema katika kifungu cha 8 kwamba makato yaruhusiwe tu kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, au mapatano ya pamoja ya kazi, au hukumu ya usuluhishi. Nchini Burundi sheria ya kazi iliyopo ni ile ya tarehe 24 Novemba 2020, na wakaguzi wa kazi wapo. Mfanyakazi akiambiwa ameharibu kitu, aombe kwanza kitazamwe mbele yake na mbele ya mjumbe wake, na kilichoonekana kiandikwe: nembo ilionekana au haikuonekana, taa ziliwaka au hazikuwaka, saa ngapi, nani alikuwepo. Akishatia sahihi kwamba ameunguza, hata mashine ikiwaka kesho yake atakuwa na kazi ngumu ya kuifuta sahihi hiyo.

Mwajiri aliichana karatasi ya kwanza, akaandika nyingine ya onyo kwa kucheza gemu zamuni. Hiyo kijana aliitia sahihi, nasi tulimshauri aitie. Hesabu za vibarua zilichapishwa siku iliyofuata, nakala moja ikabandikwa ukutani karibu na mzani. Akina mama walianza kuisoma kabla gundi haijakauka, na wawili wakakuta siku zao za kazi zimepungua. Shauri hilo la siku zilizopungua bado tulilifuatilia wiki mbili zaidi, na safari hiyo kosa halikuwa la kompyuta.