Gari kuukuu Pande: Jua oili inakwenda wapi kabla ya kuongeza

WENYE pikapu na malori madogo huko Pande, kusini mwa Wilaya ya Kilwa, wana wiki chache tu za kupata fedha ya mwaka. Ni kipindi ambacho ufuta unavunwa, kuanzia Mei hivi, na magunia yanatakiwa yatoke shambani yafike ghala la chama cha msingi ili mzigo uingie mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Injini ikinoki wakati huo, pamoja na gharama ya matengenezo, msimu nao umekwenda.

Mengi ya magari hayo yaliingia nchini yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, na hupitia mikono kadhaa kabla ya kufika huku. Kilometa 300,000 si ajabu, na mita ya dashibodi haiaminiki sana. Gari la umri huo kupoteza oili ni jambo la kawaida. Tatizo ni pale mwenye gari anapokimbilia oili nzito zaidi, anamimina na kuondoka, bila kujua ile ya jana ilikwenda wapi.

Njia ni mbili tu. Ama inavuja nje, ama inaungua ndani.

Kujua ipi ni kazi ya usiku mmoja. Safisha injini, egesha mahali tambarare, tandika boksi lililokunjuliwa chini yake, na asubuhi uangalie. Tone huanguka mbali na lilikoanzia, kwa kuwa oili hutiririka chini na upepo wa safari huipeleka nyuma. Tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Mara nyingi utakuta ni gasketi ya kava la tapeti, ambayo ni ya bei nafuu na fundi wa kijijini anaimudu. Kagua pia nati ya kumwagia oili na filta. Filta mpya ikifungwa huku mpira wa ile ya zamani umeganda kwenye injini, oili itamwagika kwa wingi.

Boksi likiwa kavu na kiwango bado kinashuka, tazama eksozi. Moshi wa bluu wa asubuhi, unaokwisha baada ya muda mfupi, kwa kawaida ni sili za valvu. Ule unaotoka kila unapokanyaga mafuta ukiwa na mzigo unaelekeza kwenye ringi za pistoni, na hapo anza kuweka akiba. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Gari hilo lisiendeshwe.

Kipo kitu ambacho mafundi wengi hukiruka, nacho ni mpira wa kupumulia wa injini. Ukiziba, hewa inayopenya kwenye ringi hukosa pa kutokea, ikasukuma oili kupitia kila sili. Unaweza kubadilisha sili tatu na gari likaendelea kuvuja, kumbe ulihitaji kuzibua mpira tu.

Sasa oili yenyewe. Katika 15W-40, namba yenye W inaeleza wepesi wake injini ikiwa ya baridi, na ya pili uzito wake injini ikishapata moto. Pwani yetu haina baridi kali, hivyo ya pili ndiyo ya kutazamwa zaidi. Kwa pikapu ya dizeli ya zamani 15W-40 inafaa, na ikiwa inakula oili, 20W-50 inaweza kupunguza ulaji huo, ingawa haiponyi kitu. Gari la petroli lenye VVT-i lisipewe oili nzito kwa kuiga jirani, maana mfumo huo hutegemea oili inayopita kwenye vitundu vyembamba. Fuata kitabu chake.

Soma na herufi za API: zinazoanza na S ni za petroli, na C ni za dizeli. Zipo pia oili maalumu za magari yaliyotembea sana, zenye dawa ya kulainisha sili zilizokakamaa. Sili iliyochanika hazisaidii. Oili ya kupima kutoka pipani mimi sishauri, hata kama bei inavutia, kwa sababu daraja lake hulioni. Nunua dumu lililofungwa.

Silikoni nayo itumike kwa uchache. Inayozidi hubanduka ndani, ikaziba chujio lililo kwenye sampu, na injini ikakosa oili huku sampu imejaa.

Sili ya nyuma ya krenki ni habari nyingine. Yenyewe ni ya bei ndogo, lakini lazima giaboksi ishushwe. Kama inadondosha matone tu, subiri zamu ya klachi, kazi zote mbili zifanywe pamoja.

Gari linalopoteza lita 1 kwa kilometa 1,000 linaweza kumaliza msimu, ili mradi kijiti kichomolewe kila asubuhi kabla ya kuwasha. Linalotaka lita 1 kila kilometa 300 lipelekwe kwa fundi kabla ya mavuno. Usijaze kupita alama ya juu, kwani krenki huipiga oili ikawa povu. Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, zima injini hapo hapo. Usijikongoje mpaka Nangurukuru.

Na dumu la oili ya akiba likae mbele kwa dereva. Likivuja kule nyuma kwenye magunia, ufuta ulionuka oili hautapokelewa ghalani.