Flashi Yasema Ina Vichwa 255: Je, Uiamini?

Ukisafiri katika mkoa wetu wa Songwe utapita kituo cha mizani cha Mpemba, karibu na Tunduma. Dereva wa lori ana hati za mzigo, lakini hati pekee hazitoshi: lori lazima lipimwe. Sasa chukua flashi, kile kidude cha kutunzia picha na nyimbo, ukichomeke katika kompyuta. Hapo kompyuta husoma hati tu, haina mizani.

Kompyuta hutaka kujua umbo la diski. Zamani jambo hili lilikuwa na maana. Diski ya kwanza ya IBM, ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zinazozunguka. Baadaye kompyuta ndogo zikazoea kutafuta kila kitu katika diski kwa namba tatu: silinda, kichwa na sekta. Programu nyingi ziliandikwa kufuata namba hizo.

Ndani ya flashi hamna sahani wala kichwa, hakuna kinachozunguka. Lakini ili programu za zamani zisikwame, mara nyingi hutajwa vichwa 255, na sekta 63 kwa kila kichwa. Zidisha: silinda moja yapata sekta 16,065. Ukigawanya sekta zote za flashi kwa namba hiyo, kwa kawaida hubaki mabaki. Ndiyo maana hesabu ya umbo hailingani na kweli. Uongo huu hauna madhara makubwa, kwani mifumo ya sasa huhesabu sekta moja baada ya nyingine, toka sifuri mpaka mwisho.

Lakini iko hila mbaya. Kwa kuwa kompyuta huamini hati, mlaghai huweza kuifanya flashi ya gigabaiti 8 ijitaje kuwa ya 64. Utaweka picha za ubatizo na za ndoa, nayo itapokea zote. Nafasi ya kweli ikiisha, zinazofuata hupotea au hufuta zilizotangulia. Majina yataonekana, ukifungua, hamna kitu.

Basi ufanyeje? Ukinunua flashi, iwe Tunduma, Vwawa au popote, kwanza ijaze mpaka mwisho kwa mafaili usiyoyajali. Ichomoe, irudishe, kisha uyafungue yote, la kwanza hata la mwisho. Hiyo ndiyo mizani yako. Na picha za wazazi wako ziweke mahali pawili. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.