Mvua inaposomba fedha za mbolea: Ijue kationi na anioni

WAKULIMA wengi huweka mbolea ya kukuzia, mvua kubwa ikanyesha kwa siku kadhaa, na baada ya muda mahindi yakaanza kugeuka ya njano. Lawama humwendea mwenye duka la pembejeo kwamba ameuza mbolea feki. Mbolea feki zipo, lakini mara nyingi mbolea ilikuwa nzuri, ila imechukuliwa na maji. Ili kuelewa jambo hili, ni vema kufahamu tofauti kati ya kationi na anioni.

Mbolea nyingi za viwandani ni chumvi. Zinapoyeyuka katika maji ya udongo hugawanyika kuwa chembe ndogo sana zenye chaji ya umeme, ziitwazo ioni. Iliyopoteza elektroni hubaki na chaji chanya, nayo ndiyo kationi. Iliyopokea elektroni huwa na chaji hasi, nayo ndiyo anioni.

Chakula kingi cha mmea kutoka ardhini huingia kwenye mizizi kikiwa katika hali hiyo. Potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na amoniamu ni kationi. Nitrati, fosfeti na salfeti ni anioni.

Udongo ni ghala

Chembe za mfinyanzi na mboji kwa kawaida zina chaji hasi. Kwa kuwa chaji chanya na hasi huvutana, kationi hushikwa na udongo kama mali iliyowekwa ghalani, na mizizi huichukua kidogo kidogo. Nitrati, ambayo ni anioni, haishikwi. Hufuata maji yanakokwenda, na yakizama chini ya mizizi, fedha ya mkulima imezama nayo.

Udongo wa kichanga una mfinyanzi na mboji kidogo, hivyo ghala lake ni dogo na hasara huwa kubwa zaidi. Fosfeti ni tofauti kidogo: ingawa ni anioni, katika udongo wenye tindikali hunaswa na madini ya chuma na alumini, hata mmea ukashindwa kuipata.

Kilichomo ndani ya mfuko

Mfuko wa kilo 50 wa CAN yenye asilimia 26 ya naitrojeni una kilo 13 za naitrojeni. Nusu yake ni nitrati, ambayo mmea huitumia mara moja lakini huoshwa upesi. Nusu nyingine ni amoniamu, ambayo hushikwa na udongo.

Urea ina asilimia 46, yaani kilo 23 kwa mfuko. Yenyewe haina chaji, lakini ikipata unyevu hugeuka amoniamu katika siku chache. Ikiachwa juu ya ardhi bila kufukiwa, sehemu yake hupotea hewani kama gesi ya amonia. SA ina asilimia 21, na naitrojeni yake yote ni amoniamu.

Hata hivyo, amoniamu haidumu. Katika udongo wenye joto na unyevu, bakteria huigeuza kuwa nitrati katika wiki chache. Kazi hiyo pia huongeza tindikali, ndiyo maana shamba linalowekwa SA au urea kila msimu huchoka mapema lisipowekwa chokaa.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, gawa mbolea ya kukuzia mara mbili badala ya kuiweka yote kwa mkupuo, hasa penye mchanga au mvua nyingi.

Pili, fukia urea mara unapoiweka, na usiweke mbolea wakati mvua kubwa inakaribia.

Tatu, ongeza samadi na mboji. Hizo ndizo hupanua ghala la kationi.

Nne, usichanganye chokaa na urea, SA au DAP, kwani amonia hupotea hewani. Tanguliza chokaa wiki kadhaa kabla ya kupanda.

Tano, pima udongo. Tanzania kuna maabara Mlingano mkoani Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro; Kenya ipo ya KALRO, Kabete.

Kwa mwenye duka, kumwelekeza mteja mbolea inayofaa udongo wake ni sehemu ya biashara. Mkulima aliyevuna atarudi msimu ujao. Aliyepoteza mbolea yake kwa mvua atakwenda duka la jirani.